Maneno ya Yusufu mwachieni Yusufu

Ningewaomba wahubiri wetu wa Ituri waipumzishe kidogo Mwanzo sura ya 50, aya ya 20. Ni pale Yusufu anapowaambia kaka zake kwamba wao walipanga kumdhuru, lakini Mungu akaupindua mpango wao, na watu wengi wakapona njaa. Aya yenyewe naipenda. Kinachonikera ni midomo inayoitamka. Nimeisikia kwenye matanga hapa Aru, nimeisikia kwenye mikutano ya amani Bunia, nimeisikia redioni wakati wa kumenya mihogo, na karibu kila mara aliyeitamka hakuwa yule aliyetupwa shimoni. Alikuwa mchungaji, au mkubwa aliyeshuka kwenye gari la vioo vyeusi. Safari moja alikuwa mtu ambaye sote tuliokaa pale tulijua mwaka 2003, wakati wa vita, alikuwa ameshika nini mkononi.

Tena wanaikata. Yusufu alisema mambo mawili kwa pumzi moja: mlinitendea ubaya, na Mungu akautumia kwa wema. Huku kwetu nusu ya kwanza imepotelea njiani. Inabaki ile ya Mungu, laini, haimtaji mtu, na wote wanaitika amina.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha dini na historia. Habari ya Yusufu naifundisha kila mwaka, na sihitaji kuhangaika nayo. Ukimwambia mtoto wa Aru kwamba njaa iliingia Kanaani, wana wa Yakobo wakafunga safari kuvuka mpaka kwenda kununua nafaka, hakuulizi Misri iko wapi. Kwake Misri ni Arua, upande wa Uganda. Mama yake huenda huko na noti za shilingi za Uganda alizofunga kwenye pindo la kitenge, na kurudi na sabuni na mafuta.

Mpaka huu hatukuuchora sisi. Mfalme Leopold alipofariki mwishoni mwa 1909, eneo la Lado likawarudia Waingereza mwaka uliofuata, na mwaka 1914 kipande chake cha kusini kikaungwa na Uganda. Walugbara wakaamka wako pande mbili. Wakakwa wakawa pande tatu: Ingbokolo kwetu, Koboko Uganda, Yei huko Sudan Kusini. Tangu hapo tunapokezana njaa. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, watu wa West Nile walimiminika huku kwa maelfu. Koko wangu, bibi mzaa baba, alikuwa akituhesabia kwa vidole waliolala kwenye jiko lake: watu wa Vurra, watu wa Maracha, hata wa Aringa, wengine ukoo mmoja na sisi na wengine ukoo uliobuniwa palepale mlangoni ili wapate kuingia. Miaka ishirini baadaye, vita vya Ituri vilipowaka, zamu ikageuka, tukawa sisi tunaobisha hodi upande wa pili. Tangu 2016 wamekuja wa Sudan Kusini, na baadhi yao wako kwenye kambi ya Biringi. Ni vigumu kupata nyumba Aru ambayo haijawahi kuomba chakula ng'ambo, na vigumu vilevile kupata ambayo haijawahi kuombwa.

Darasani kuna mahali wanafunzi hucheka kila mwaka. Ni sura ya 42, ambapo Yusufu anaongea na kaka zake kupitia mkalimani, na wao, wakidhani huyu bwana mkubwa wa Misri hasikii lugha yao, wanaanza kulaumiana mbele yake kuhusu mdogo wao waliyemuuza. Yeye anasikia neno kwa neno. Wanafunzi wanacheka kwa sababu yamewakuta. Sisi wa Aru sokoni tunaongea Bangala, Kiswahili tunakitumia zaidi tukishuka Bunia au tukiandika gazetini kama hivi. Basi wachuuzi wa Arua wakisikia Bangala hudhani Kilugbara hatukijui, na hapo ndipo unapopata bei halisi ya sukari na maoni halisi juu ya Wakongomani.

Baada ya kicheko hicho huwa nawasimamisha. Nawauliza: kwa nini Yusufu hakujitambulisha siku ile ile? Alikwisha kuwasikia wakikiri. Alitoka pembeni akalia. Angeweza kurudi, akaondoa mkalimani, mambo yakaisha kwenye sura ya 42. Badala yake alirudi akamfunga Simeoni mbele ya macho yao.

Wahubiri wetu wengi wanaruka hapa kama basi lenye haraka linalopita vituo bila kusimama, kutoka shimo la Dothani moja kwa moja hadi machozi ya sura ya 45. Mimi naona kitu chote kiko katikati. Yusufu anataka Benyamini aletwe, mtoto wa mama yake, kipenzi kipya cha baba. Wakirudi naye, anawakaribisha chakula, anawapanga mezani kwa umri, na sahani ya Benyamini anaijaza mara tano ya zile za wengine. Kisha kikombe cha fedha kinafichwa kwenye gunia la Benyamini, kinakutwa, na hukumu inatoka: mwenye kikombe atabaki mtumwa, ninyi wengine rudini kwa baba yenu kwa amani.

Sasa wamerudishwa palepale. Mtoto anayependwa kuliko wao yuko mikononi mwa wageni, baba yuko mbali, hakuna shahidi, na njia ya nyumbani iko wazi. Wanachotakiwa kufanya ni kile walichokifanya kwanza, yaani kuondoka. Anayesimama ni Yuda, yule yule aliyetoa wazo la kumuuza Yusufu kwa wafanyabiashara, kwamba kumuua hakuna faida. Walipokea vipande 20 vya fedha. Sasa Yuda anasema: nichukue mimi niwe mtumwa, kijana aende na ndugu zake. Hapo ndipo Yusufu anavunjika. Anawatoa watu wote nje, na anajitambulisha akiwa peke yake na ndugu zake. Hakukuwa na jukwaa, wala fulana zilizochapishwa maneno ya amani.

Nasema haya kwa sababu mji wetu sasa una jina katika habari za upatanisho. Mwishoni mwa Mei 2023 makundi yenye silaha ya Ituri yaliitwa hapa Aru kwa mazungumzo, na tarehe 1 Juni yakatia saini ahadi ya kuacha mapigano. Tulifurahi. Mji wa mpakani uliozoea kutajwa kwa sababu ya magendo umetajwa kwa sababu ya amani, nani asingefurahi? Usiku wa kuamkia tarehe 12 mwezi huohuo, kambi ya wakimbizi wa ndani ya Lala, kwenye teritware ya Djugu, ilivamiwa. Waliuawa watu zaidi ya 40, wakiwemo watoto wengi. Waliotajwa kuwa wavamizi ni wapiganaji wa CODECO, na CODECO ilikuwa miongoni mwa waliokuja Aru.

Wapo waliosema baada ya Lala kwamba mazungumzo hayana maana. Sikubali. Hata Yusufu alianza kwa maneno. Ila saini ya Aru ilikuwa bado sura ya 42, na sisi tulishangilia kama tumefika 45. Kinachomwonyesha mtu kwamba amebadilika ni siku atakapokuwa tena mahali pale pale: usiku, kambi haina mlinzi, watu wamelala, na yeye ana bunduki. Siku hiyo haina waandishi wa habari. Kwa hiyo mimi nisingetaka viongozi wanihesabie vikao, ningetaka wanihesabie usiku uliopita Djugu bila mtu kuvamiwa, na nani kati ya makamanda, kama Yuda, alisimama mbele ya watu wake akasema mkitaka kwenda huko nianzeni mimi.

Mahakama ya The Hague ina lawama zake nyingi huku kwetu, nami ninazo zangu. Lakini kuna adabu moja waliyoionyesha ambayo nimeikosa makanisani. Kijiji cha Bogoro, huku Ituri, kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Germain Katanga, aliyeshtakiwa kwa shambulio hilo, alihukumiwa miaka 12 mwaka 2014, akaondoa rufaa yake, akatoa majuto kwa walioumia. Mwaka 2017 majaji wakaamua wahanga 297 wapewe kila mmoja dola 250, na wenyewe wakasema wazi kwamba pesa hiyo ni alama tu, haiwezi kulingana na kilichopotea. Dola 250 ni kidogo, hainunui hata ng'ombe wa maana. Ila hakuna jaji aliyemwambia mtu wa Bogoro kwamba Mungu alikuwa na mpango mzuri na mauaji ya mama yake. Walikadiria hasara, wakasema haikadiriki, wakanyamaza.

Sasa nije nyumbani, maana ni rahisi kuwahubiria makamanda.

Nina baba mdogo ambaye kwa umri ni mdogo wangu. Babu alioa mke wa pili uzeeni, na huyu alikuwa kitinda mimba wake. Mwaka 2003, kundi moja lililokuwa likitawala sehemu zetu (jina lake haliongezi kitu hapa) lilipita kwenye maboma likidai kila boma kubwa litoe kijana au ng'ombe. Babu alikwisha kufariki. Wana wakubwa wa mke wa kwanza walikaa usiku mmoja wakaamua. Ng'ombe alikuwepo. Walimtoa mtoto, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mimi nilikuwa bwenini, na niliporudi likizo niliambiwa amekwenda kusoma kwa wajomba zake. Hakuna aliyechovya nguo kwenye damu ya mbuzi, lakini uongo ulikuwa ule ule.

Kati ya wale waliokaa usiku ule, mmoja alikuwa baba yangu.

Baba mdogo alitoroka baadaye, akavuka mpaka. Huko Arua alianza kwa kuosha pikipiki, akawa fundi, leo ana karakana yake na vijana wanaojifunza kwake. Kwa miaka mingi hakuja. Watu wa boma walimlaumu: Arua ni hapo tu, mbona hata salamu hatumi, amejaa kiburi. Nilikuwa nawajibu kwa kitabu. Yusufu alipofanywa mkubwa wa Misri alikuwa na miaka 30. Shibe ikapita miaka saba, njaa ikaingia mwaka wa pili, ndipo akajitambulisha. Hesabu: miaka tisa ana magari ya Farao, ana wajumbe, ana muhuri, na baba yake yuko Kanaani anamlilia. Hakumtumia mtu. Maandiko hayamsemi vibaya kwa hilo, nami simsemi. Aliyeuzwa hana deni la kuanza safari. Waliokwenda walikuwa wale waliouza, nao hawakwenda kwa toba, walikwenda kwa njaa. Hata hivyo walikwenda.

Baba alipokaribia kufa aliniita akanieleza yote, na aliniambia ni nani aliyelitaja jina la yule mtoto kwanza na kwa nini ng'ombe alibaki. Baba mdogo alikuja kwenye matanga. Alitoa mchango wake kama mtoto wa boma, akashika jembe kaburini na wenzake. Chakula alikula kile tu kilichotoka kwenye chungu cha mama yangu, na jioni alipanda pikipiki akarudi kulala ng'ambo. Siku ya kumaliza matanga akaja tena, na hapo mchungaji, mtu mwema ambaye sina shaka na nia yake, akamtaja mbele ya watu. Akasema tazameni, Mungu alimtanguliza ndugu yenu Arua ili leo awe na karakana na awasaidie, kama Yusufu. Baba mdogo alisimama, akachukua kofia yake ya pikipiki, akaondoka bila kumuaga mtu.

Baadaye boma lilisema ana moyo mgumu. Mimi nilimwelewa vizuri sana. Siku ile alinyang'anywa kitu kingine tena. Walichukua utoto wake, kisha wakachukua na maana yake, wakamgawia wao wenyewe mbele ya sufuria za wali.

Atakayeniuliza kama basi siamini mkono wa Mungu, nitamwambia naamini. Koko wangu alizika watoto, akakimbia mara mbili, na jioni akikaa na kiko chake alikuwa akisema Mungu amemshika mkono njia nzima. Sikumbishia hata siku moja, kwa kuwa njia ilikuwa yake. Ila kama mtu mwingine angemwambia hayo, tena mtu aliyekuwa na sehemu katika kilio chake, ningetaka anyamaze. Mkono wa Mungu unaonekana ukigeuka nyuma, na anayejua kilichoko nyuma ni yule aliyekitembea. Baba mdogo anaweza siku moja kuamka na kuona karakana ile kama kazi ya Mungu. Anaweza pia asione hivyo mpaka kufa kwake, na kanisa halitaanguka. Mimi ni binti wa mmoja wa waliouza. Sentensi ile si yangu.

Ya kwetu ipo, na iko katika sehemu nyingine ya habari. Waislamu wa Ariwara nao wanaisoma kwenye sura ya 12 ya Kurani, na humo kaka wanakiri kosa mbele ya Yusufu mwenyewe, kisha wanamwendea baba yao wakimwomba awaombee msamaha. Katika Mwanzo, Yuda anaomba achukuliwe yeye. Kwa hiyo maneno ya waliokosa yapo tele, hayana haja ya kuazima ya Yusufu.

Boma letu limempelekea baba mdogo mbuzi. Limependekeza ibada ya shukrani, na kiti chake kiwekwe mbele. Wazee wa barza wamesema shamba la mama yake lipimwe upya, jambo ambalo ni la haki na lilichelewa. Yeye amepokea habari ya shamba, mbuzi akawarudisha. Anachokitaka amekisema mara nyingi na hakigharimu franka moja: baba zangu wakubwa wawaeleze watoto wao, kwa midomo yao, yale yaliyoamuliwa usiku ule na sababu ya ng'ombe kubaki. Binamu zangu wamekua wakijua alikwenda kusoma. Nilimuuliza baba mdogo kama naweza kuandika haya gazetini, akaniruhusu. Baba zangu wakubwa sikuwauliza. Kwa hiyo binamu zangu wanaosoma gazeti wamejua leo, lakini hilo halimalizi deni, maana aliyeombwa kusema si mimi.

Mwisho wa Mwanzo una jambo ambalo mahubiri hayaligusi. Yakobo anakufa baada ya kukaa Misri miaka 17, na kaka bado wanaogopa. Miaka yote hiyo wamekula mkate wa Yusufu, wamechunga mifugo yao Gosheni, na bado hawana uhakika. Wanatuma mtu kwanza, wakimwambia Yusufu kwamba marehemu baba aliagiza awasamehe, agizo ambalo hatukumsikia Yakobo akilitoa popote. Yusufu anapopata ujumbe ule analia. Nadhani alilia kwa sababu walituma mtu. Kisha wakaja wenyewe, wakaanguka mbele yake, na ni kwao wao, uso kwa uso, alipoitamka aya ya 20. Hakumpa mjumbe akaipeleke.

Kwetu pia wametumwa wajumbe: mchungaji mara mbili, mimi mara moja, na wazee wa barza. Baba zangu wakubwa wako hai, wana nguvu, na mmoja ana pikipiki nzuri kuliko ya mkurugenzi wa shule yangu. Kutoka hapa hadi Arua kupitia duane ya Vurra ni safari ya asubuhi moja, hata mvua ikiwa imeharibu barabara. Karakana inafunguliwa saa mbili.